Gia boksi haifukuzwi kama kocha

Saa kumi kamili jioni refa anaangalia saa yake, anaangalia barabara, halafu anarudi tena kwenye saa. Wenyeji wameshapasha misuli mara mbili. Muuza karanga amemaliza nusu ya beseni. Wageni kutoka milimani Vidunda hawaonekani. Muda wa kusubiri unakwisha, filimbi inapulizwa, na pointi tatu zinakwenda kwa timu ambayo haijagusa mpira. Pointi za mezani.

Wakati huohuo nusu ya kikosi cha wageni imekaa juu ya mabegi, chini ya mwembe pale Kidodi. Hilux Surf ya miaka ya 90 iliyowashusha mlimani inanguruma, lakini haisogei hata hatua moja. Ukiwekwa D, kimya. Ukiwekwa R, kimya. Fundi aliyeitwa mbiombio analala chini, anachungulia uvunguni, anainuka akifuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, gia boksi imekwisha hii. Tafuta nyingine."

Mhazini wa timu anashika kiuno. Hesabu anaijua bila kalamu: gia boksi ya mtumba ya auto, usafiri wa kuitoa Dar es Salaam, na mkono wa fundi, ni fedha inayoweza kumeza jezi, mipira, ada ya ligi na posho ya chakula ya msimu mzima. Kwa maneno mengine, msimu umeishia hapo chini ya mwembe.

Kisa cha namna hii hakihitaji jina la timu. Kila aliyekaa karibu na soka la wilayani anakijua, awe Kilosa, Ludewa, Rungwe au Lushoto. Kinachobadilika ni jina la mlima na aina ya gari. Na kibaya zaidi, mara nyingi gia boksi inayotangazwa imekufa huwa haijafa.

Milima ya Vidunda iko upande wa kusini wa Wilaya ya Kilosa, juu ya Kidodi na mashamba ya miwa. Juu kuna maharage, mahindi na ndizi. Chini kuna miwa, stendi na soko. Mchezaji anayetoka juu kwenda kucheza Mikumi lazima kwanza ashuke. Kama mechi iko Kilosa mjini, akifika Mikumi bado ana safari nyingine ya kupitia Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Ni kata ya Kilosa, na beki wa Vidunda huenda Ulaya na kurudi siku hiyohiyo bila wakala wala pasipoti.

Kipande kigumu ni kile cha mlimani. Basi dogo haliwezi, bodaboda haziwezi kubeba kikosi kizima, kwa hiyo linatafutwa gari la kupanda milima. Hakuna timu ya kijiji inayonunua gari lake. Gari huwa la mwenyekiti, na mwenyekiti huwa mfanyabiashara. Jumatatu hadi Ijumaa linabeba magunia ya maharage, Jumamosi linabeba winga na viungo. Linashusha awamu mbili au tatu mpaka Kidodi, kutoka hapo wanapanda Hiace.

Magari yenyewe yanajulikana. Hilux Surf, Prado ya mwanzo, Pajero, na kwa wenye roho ngumu, Land Rover Discovery. Mengi yalitoka Japani yakiwa ya auto, kwa sababu mtu wa Tokyo anayekaa kwenye foleni hataki kukanyaga klachi. Yakafika Dar, yakatumika miaka kadhaa na mtu wa ofisini, yakauzwa Morogoro, yakauzwa tena, na sasa yako mikononi mwa mmiliki wa nne au wa tano kwenye njia ya mawe. Kitabu cha maelekezo kilishapotea zamani, na kama kipo kimeandikwa Kijapani.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, na si kosa la gari. Gia boksi ya auto haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna kitu kinaitwa toki konveta, kama bakuli mbili zinazotazamana zilizojaa oili. Injini inazungusha bakuli moja, oili inasukuma la pili, gari linakwenda. Ndani ya gia boksi kuna mafungu ya visahani vya klachi, na vinabanwa na presha ya oili hiyohiyo. Oili ndiyo inayovuta, ndiyo inayobana, ndiyo inayolainisha na ndiyo inayopooza. Ni kiungo mkabaji, mchezeshaji na kipa kwa pamoja. Ikipungua au ikiungua, timu nzima inapoteza umbo, hata kama kila mchezaji mmoja mmoja yuko fiti.

Na adui wa oili hiyo ni joto. Gari linapopanda taratibu likiwa na mzigo, yale mabakuli mawili hayaendi kwa kasi moja. Tofauti ya kasi inageuka joto. Joto linapelekwa kwenye rejeta, ambako kuna kibomba kidogo cha kupoozea oili ndani ya tangi la maji. Rejeta yenyewe imejaa udongo na mbegu za nyasi kwenye vitundu vyake. Ndiyo maana gari linaweza kwenda Mikumi na kurudi kwenye lami bila shida, halafu likagoma kwenye mpando mmoja tu wa kurudi Vidunda.

Sasa arudishwe yule fundi wa chini ya mwembe. Amesema gia boksi imekwisha. Amepima nini? Hakuchomoa kijiti cha oili. Hakuuliza gari lilishukaje mlimani. Hakuangalia kijiti kidogo cha pili cha gia, kile kilicho pembeni ya kile kikubwa.

Kijiti hicho kidogo ndicho kinachoendesha transfa, yaani kisanduku cha pili kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Kina H2, H4, N na L4. Hiyo N ni nyutro ya kisanduku cha pili. Ikikaa hapo, hata gia kubwa ikiwa D, injini itanguruma mpaka jogoo wa jirani awike na gari halitasogea. Dereva aliyeshuka mlimani kwa L4, jambo ambalo ni sahihi kabisa, akifika chini anarudisha kijiti kwenda H. Akifanya haraka, huku abiria wamembana goti kwa goti, kijiti kinakwama katikati. Na katikati ni N.

Msimu mzima unaweza kufia hapo. Timu nzima chini ya mwembe, pointi tatu zimepotea, mhazini anapiga simu za michango, na dawa ni kusukuma kijiti sentimita chache. Mtu akicheka ana haki. Lakini yale matokeo kwenye jedwali la ligi hayacheki.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya gereji, hayana nafasi kwenye kurasa za michezo. Wamekosea. Kwa klabu ya Ligi Kuu usafiri ni mstari mmoja kwenye bajeti. Kwa timu ya kata, usafiri ndiyo bajeti. Kijana wa Vidunda ana mechi chache sana kwa msimu za kuonekana na mtu yeyote nje ya kijiji chake. Kila mechi inayoliwa na gari ni macho ambayo hayakumwona. Tukuyu Stars walitoka kwenye vilima vya Rungwe wakawa mabingwa wa Tanzania mwaka 1986, na Mtibwa Sugar walitoka kwenye miwa ya Turiani, mkoa huuhuu wa Morogoro, wakatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Vipaji vya nje ya miji mikubwa vipo. Lakini kwanza lazima vifike uwanjani.

Ugonjwa wa kukimbilia kubadilisha kabla ya kupima si wa gereji peke yake. Mashabiki wa soka wa Tanzania wanaujua vizuri kwa sababu wao ndio wagonjwa wakubwa. Sare mbili mfululizo, kocha hafai. Hakuna anayeuliza kama mabeki wawili wa pembeni ni majeruhi, kama mishahara imechelewa, kama ratiba ilikuwa mechi tatu ndani ya siku nane. Machi 2021 Yanga ilimwondoa Cédric Kaze. Aprili akaja Mtunisia Nasreddine Nabi, na msimu ule ubingwa ukaenda Simba. Kwa desturi ya mjini, naye angefungishwa virago. Hakufungishwa. Na Kaze mwenyewe, yule aliyeondolewa, akarudishwa baadaye kuwa msaidizi wa Nabi. Msimu wa 2021/22 Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kifaa kilichoshushwa kikarudishwa garini, na gari likatembea.

Kocha akifukuzwa kimakosa, klabu kubwa inalipa fidia na maisha yanaendelea. Timu ya Vidunda ikinunua gia boksi kimakosa, hakuna msimu mwingine mpaka mwakani.

Basi kipimo kianze wapi? Baada ya kijiti cha transfa, oili. Na hapa ndipo wengi wanapopima vibaya. Kwenye Toyota hizi, oili ya gia boksi haipimwi asubuhi gari likiwa la baridi, kama ya injini. Gari linaendeshwa kwanza mpaka lipate moto, linasimamishwa sehemu tambarare, injini inaachwa ikiwaka, gia inapitishwa taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo kijiti kinachomolewa, kinafutwa, kinarudishwa na kuchomolewa tena. Usomwe upande wa alama za moto. Anayepima gari likiwa limezimwa anadanganywa, na akiongeza kwa kipimo hicho anakosea mara ya pili.

Kijiti hicho kinasema mengi kuliko fundi mwenye haraka. Oili nzuri ni nyekundu na inapitisha mwanga. Mwanayanga atavumilia tu, kwenye gia boksi rangi ya ushindi ni ya Msimbazi. Ikiwa kahawia na bado haina harufu, imechoka, ibadilishwe. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, visahani vya ndani vimeanza kuungua. Ikiwa ya pinki na nzito kama maziwa ya strobari, maji ya rejeta yameingia: kile kibomba cha kupoozea kimetoboka. Hapo gari lizimwe papo hapo, lisisogezwe hata kwenda gereji, livutwe. Maji yanabandua utando wa visahani, na kila kilomita inayoongezwa inaua kilichokuwa kimebaki. Gia boksi ya mtumba ikifungwa kwenye rejeta hiyohiyo iliyotoboka, nayo itakunywa maji wiki hiyohiyo. Wapo waliofunga mbili, wakalaumu Wajapani.

Ikiwa imepungua tu, swali ni moja: imekwenda wapi? Gia boksi haili oili kama injini kuukuu. Kama imepungua, inavuja. Kwa gari la njia ya mawe, inatafutwa kwenye mabomba yanayokwenda rejeta na kwenye sampo iliyogongwa. Bomba la kupoozea ni fedha ndogo ukililinganisha na gia boksi.

Na oili inayowekwa iwe ile inayotakiwa. Toyota nyingi za wakati ule zimeandikwa kwenye kijiti chenyewe, Dexron au T-IV. Mtu anahangaika kuuliza dukani wakati jibu lipo mkononi mwake, limefunikwa na grisi. Kumimina chochote chenye rangi nyekundu kwa sababu duka la Kidodi lilikuwa nacho ni sawa na kumpanga kipa awe straika kwa sababu alikuwa karibu na benchi.

Lipo lile neno la mtaani kwamba kubadilisha oili kwenye gia boksi ya zamani kunaiua. Lina ukweli nusu. Gia boksi ambayo visahani vyake vimeshakwisha haitafufuliwa na oili mpya, na ikifa wiki hiyo oili inabeba lawama ya kifo kilichokuwa njiani. Lakini neno hilo limeua nyingi zaidi, zile ambazo zilikuwa nzima na zikaachwa na oili ileile miaka kumi. Tena wanaobadilisha wajue kwamba kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili. Nyingine inabaki ndani ya toki konveta. Ni kazi ya kurudia mara mbili au tatu, gari likitembea siku chache katikati.

Kama oili iko sawa na gari bado linasumbua, sasa ni zamu ya umeme. Gia boksi za familia ya A340, zinazopatikana kwenye Surf na Prado nyingi za miaka ya 90, zinaamrishwa na kompyuta kupitia visolenoidi. Kwenye dashibodi kuna taa ya O/D OFF. Ikiwaka tuli, hakuna ugonjwa, kuna mtu amegusa kitufe na gia ya nne imezimwa. Ikiwa inawaka na kuzima, kompyuta inaita. Fundi anayejua anaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kisanduku cha vipimo, halafu anahesabu mimweko kama mtu anayesoma ubao wa refa wa akiba. Nne kisha mbili, ni 42, sensa ya mwendo. Sita na moja, sensa ya mwendo ya pili. 62 na 63 ni visolenoidi viwili vinavyobadilisha gia. Hakuna mashine ya gharama hapo, ni kipande cha waya. Na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa waya uliokatwa na jiwe.

Kipimo kinachofuata ni kizuri kuliko vyote, na ni cha bure. Soketi ya visolenoidi inachomolewa, kompyuta inanyamaza, na gia boksi inabaki kufuata mkono wa dereva. Gia ikiwa L inapaswa kukaa namba moja, ikiwa 2 inapaswa kukaa namba tatu, ikiwa D inapaswa kukaa namba nne. Kama gari linavuta vizuri kwenye L namna hiyo lakini soketi ikirudishwa linasumbua, visahani ni vizima, tatizo ni umeme. Kama linateleza hata hapo, sasa fundi ana haki ya kuanza kuzungumzia ndani.

Mafundi wazoefu wana vipimo viwili zaidi. Cha kwanza ni kuhesabu muda: kutoka N kwenda D gari lishike ndani ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R ndani ya sekunde 1.5. Likichelewa, presha ni ndogo au visahani vimelika. Cha pili ni kukanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yamewekewa vizuizi, gia D, na kukandamiza mafuta mpaka mwisho ili kuona mshale wa mzunguko wa injini unaishia wapi. Ukipita kiwango, ndani kunateleza. Ukiwa chini ya kiwango, injini yenyewe ni dhaifu au toki konveta ina kasoro. Kipimo hiki hakizidi sekunde tano, na hakifanywi mbele ya gari akiwa amesimama mtu. Kijana wa gereji anayekirudia mara nne ili kuwafurahisha wateja ndiye anayechoma oili.

Yote haya, ukiacha kulipasha gari moto, ni kazi ya saa moja. Mhazini anayekubali kutoa mamilioni bila kudai saa hiyo moja anapaswa kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa timu kama anavyoulizwa kocha.

Ikithibitika kweli imekufa, basi imekufa. Zipo zinazokufa. Hapo ubishi ni mmoja: kufanya ovahoo, kufunga ya mtumba, au kugeuza gari liwe la manyo. Huko milimani wengi wanapenda hili la tatu, na mapenzi hayo yana sababu. Gari la manyo linavumilia, na kila dereva wa lori anaweza kulitengeneza. Anayenunua gari leo kwa ajili ya njia ya Vidunda achukue la manyo, hakuna mjadala. Lakini kuligeuza la auto ni safari nyingine. Pedali, klachi, silinda zake, mahali pa kushikia gia boksi, pengine hata propela kukatwa au kurefushwa, halafu kompyuta ya injini inaendelea kuitafuta gia boksi ambayo haipo. Kwa timu yenye mechi Jumamosi ijayo, hiyo si dawa.

Ya mtumba inafaa kama masharti yatafuatwa. Namba ya gia boksi iliyo kwenye kibati cha gari ilingane na ile inayonunuliwa, maana zinazofanana kwa macho zinatofautiana ndani. Muuzaji wa Gerezani akubali kwa maandishi siku za kuijaribu. Mabomba na kibomba cha kupoozea visafishwe, kwa sababu vumbi la gia boksi iliyokufa limelala humo na litaingia kwenye mpya dakika ya kwanza. Toki konveta ikae mpaka mwisho kabla ya kuunganisha na injini. Fundi anayevuta gia boksi kwa boliti ili iingie kwa nguvu anaponda pampu ya oili, na hapo ndipo gia boksi iliyotoka Dar nzima inakufa kabla gari halijawashwa. Ovahoo ni nzuri zaidi kama yupo fundi aliyewahi kuifanya na vifaa vyake vimepatikana vyote. Nusu ovahoo ni hasara kamili.

Lakini hoja kubwa haiko gereji. Iko kwa wanaotoa fedha. Kila msimu, na zaidi msimu wa uchaguzi, timu za vijiji zinapewa jezi na mipira. Ni vizuri, vinasaidia. Vinatolewa kwa sababu vinapigwa picha vizuri, mheshimiwa katikati, nahodha ameshika jezi namba kumi. Oili ya gia boksi haipigwi picha. Rejeta iliyozibuliwa haipigwi picha. Timu ya milimani inaweza kuwa na seti tatu za jezi na isifike uwanjani kwa kukosa lita chache za oili nyekundu.

Vyama vya soka vya wilaya navyo havina budi kulitazama hili. Kanuni ya pointi za mezani ni ya lazima, bila hiyo kila timu itachelewa ikisingizia gari. Hata hivyo ratiba inaweza kupangwa timu za juu zikacheza mechi mbili za bondeni ndani ya wikiendi moja, zikalala, zikapanda mara moja. Mlima mmoja badala ya miwili. Hiyo haihitaji fedha, inahitaji mtu wa ratiba anayejua Vidunda iko wapi.

Na madereva wenyewe, pamoja na wale mashabiki wanaolifuata soka kwa Prado kuukuu kutoka Dar hadi Sokoine Mbeya, wajifunze tabia chache. Kwenye mpando mrefu kama Kitonga, kitufe cha O/D kizimwe ili gia isiwe inapanda na kushuka kila sekunde. Kwenye njia ya mawe, L4 itumike mapema, kabla gari halijaanza kuhangaika, kwa sababu L4 inapunguza kazi ya toki konveta na joto lake. Kushuka, gia iwe 2 au L, breki zipumzike. Na kile kipande cha barabara cha kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi si mahali pa kugundua kwamba oili imepungua. Simba wa pale hawana habari na timu ya mtu.

Chini ya mwembe Kidodi jua limeshuka. Habari ya pointi za mezani imefika kwa simu, na wachezaji wameanza kuvua soksi. Mtoto wa mwenye gari, kiungo wa akiba mwenye miaka kumi na saba, ameingia ndani kuchukua begi lake lililobanwa chini ya kijiti kidogo cha gia. Anakisukuma kijiti ili begi litoke. Gari, ambalo injini yake bado inawaka na gia kubwa iko D, linaruka mbele kidogo, na mzee aliyekuwa ameegemea boneti anaruka pembeni akitukana. Mhazini anaikata simu ya mtu wa Gerezani katikati ya bei.